Nyasi Tulizokuwekea

Boma la marehemu Bichage,
Ogwedhi, Uriri,
Jumapili, 27 Aprili 2025.

Mpendwa wifi yangu Orpah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenu, kwetu sote. Mvua imekuja hatimaye na tunatembea na matope mpaka magotini, kwa hiyo hata salamu zenyewe zina udongo, zifute kwanza. U mzima? Shemeji Levis yu mzima, na bado anaendesha lile lori la safari ndefu? Watoto je? Yule mdogo kifua kimemwachia, au baridi ya huko Minnesota bado inamwandama? Ukituma picha zenu za majira ya theluji Joyline hucheka mpaka anakaa chini. Anasema mmevaa magodoro.

Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Uzima tunao, ingawa una viraka. Joyline yuko kidato cha tatu sasa na amenipita urefu, ana mabega ya baba yake. Mama anakula kidogo, analala kidogo, na kuongea hajapunguza. Habari zake nitakupa mbele, usikimbilie.

Utashangaa kuona karatasi wakati simu zipo. Nilijaribu kukurekodia. Niliposikiliza nilichorekodi nikasikia kilio changu tu na kuku wakipiga kelele, nikafuta. Tena kila ujumbe unaoingia kwenye simu hii Mama hutaka uchezwe kwa sauti, na haya ninayokuandikia siyo ya kusikiwa na Mama. Emmaculate, yule binti wa kwa Arasa, alikuja kumzika baba yake na kesho kutwa anarudi huko kwenu. Atakuletea mkononi. Naandika kwa Kiswahili maana ndiyo lugha yangu na wewe tangu zamani: Kikisii changu ulikicheka siku ya kwanza na hujaacha, na Kijaluo chako kilikomea kwenye kununua vidagaa vya omena.

Nianze na la ng'ombe, kwa sababu ndilo dogo kuliko mengine. Nyar-Orpah amekufa. Alikufa mwezi wa tatu, mvua haijaanza.

Najua ukimsimulia mtu wa huko kwamba ng'ombe amekufa atakuuliza mlimla au mlimzika. Wewe hutaniuliza hivyo. Ng'ombe walioletwa na kina Levis ili wakuoe wewe ndio hao hao waliopelekwa Rusinga ili Bichage anioe mimi. Ndiyo desturi yenu, dada anamtolea kaka yake ng'ombe, na kaka anabaki na deni la heshima lisilolipika. Ndiyo maana nikikutania nakuita mume wangu, na wewe hukasiriki. Nakumbuka waliposhushwa kwenye lori pale Mbita wakavushwa lile tuta kwa miguu mpaka kisiwani, na baba yangu akiwapapasa mbavu mmoja mmoja. Sisi watu wa kisiwani tumezoea mbuzi wanaolamba mawe. Ng'ombe wanene namna ile walituduwaza, tukauliza wanalishwa nini huko juu. Bichage akasema nyasi tu. Nilidhani anajidai, ndivyo nilivyoanza kumpenda.

Mtamba mmoja alimzuia asiende Rusinga. Alisema ng'ombe wa dada hawaondoki wote, lazima mmoja abaki nyumbani ili dada akija apewe maziwa yake mwenyewe. Mtamba huyo alizaa, na mtoto wake akazaa, na huyo mjukuu ndiye niliyempa jina kwa Kijaluo, Nyar-Orpah, binti ya Orpah. Alikuwa mkaidi na mwenye madaha, jina lilimfaa. Hakuacha ndama jike. Kwa hiyo wale ng'ombe wako, wifi, wameishia hapo. Pole sana.

Sasa alivyokufa ndiyo habari yenyewe, na ili uielewe lazima nirudi kwenye malisho ya kaka yako.

Unayakumbuka malisho yale, kutoka nyuma ya nyumba ya Mama mpaka kijitoni. Mwezi wa sita, zile nyasi zenye mbegu za mkia zikikomaa, mteremko wote hugeuka mwekundu na upepo unazilaza na kuziinua. Watu wa mnadani wakipita na ng'ombe wao husimama wakatazama. Bichage alikuwa mkali na malisho yale kuliko alivyokuwa na mtoto. Aliwaingiza ng'ombe upande mmoja, wote pamoja, wakakazana hapo mpaka nyasi zikabaki fupi kabisa, nikisema sasa ameziua. Kisha anawatoa, na ole wake atakayewarudisha kabla hazijasimama tena. Na kila mwaka wa pili, kiangazi kikikaribia kwisha, yeye na rafiki yake Nashon walichoma kipande cha juu, wameshika matawi mabichi wasije wakachoma na miwa ya jirani. Mara ya kwanza kuona hivyo nilikimbia na ndoo ya maji. Walinicheka wiki nzima. Bichage akaniambia nyasi hizi zinataka mdomo na moto, ukiziacha peke yake zinajizika zenyewe. Mimi mtu wa ziwani, najua nini? Nikarudisha ndoo.

Halafu ikaja corona, na mwezi wa saba mwaka ule ikamchukua. Sitaki kuyarudia. Ulikuwepo kwenye simu, Joyline alikushikia. Tulikuwa watu wachache, tumeziba midomo, na askari wa chifu amesimama akitaka tumalize haraka. Ndege zilikuwa zimefungwa na wewe ungefika na nini? Hakuna aliyekulaumu siku ile na hakuna anayekulaumu leo. Lakini kumbuka ulichosema kabla simu haijakatika. Ulikuwa unalia, ulisema, jamani msiguse chochote, niachieni vile alivyoacha, nije nione.

Ni maneno ya kilio, mtu yeyote angeyasema. Mimi niliyasikia nikayaacha yapite na machozi. Mama hakuyaacha yapite. Kwa Mama lile lilikuwa agizo la mtoto wake aliyebaki, limetolewa kaburini, na kaburi lipo pale pale juu ya malisho. Wiki ile ile aliita mafundi wakazungushia waya wenye miiba, wakatia lango, akalifunga kwa kufuli na ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso yake. Ng'ombe asikanyage na mtu asikate nyasi mpaka Orpah aje asimame pale aone kaka yake alivyoacha. Tulikubali sote. Hata Nashon alikubali, alisema mwaka mmoja hauna shida.

Na kweli mwaka wa kwanza, wifi, palikuwa pazuri. Nyasi zilinifika kifuani. Baada ya ibada ya Sabato watu walikuja kusimama kwenye waya kama wanaotazama maonyesho. Mama alinituma nikupigie picha, nikakutumia, ukajibu kwamba ni kama Bichage yu hai. Mama alinifanya nimsomee jibu hilo tena na tena. Nadhani siku ile nasi tulianza kuamini hivyo hivyo.

Mwaka wa pili zilisimama, lakini hazikuwa nyekundu. Zilikuwa na rangi ya majivu, makavu ya mwaka jana yamebanana na mabichi ya mwaka huu, mbegu chache. Mwaka wa tatu zilijilaza. Nilipenyeza mikono kwenye waya nikazipanua nione chini, nikakuta udongo mtupu, ukungu na mashimo ya panya, na kila kishina kimekufa katikati, kimebaki na ukingo tu. Jua lilikuwa halifiki pale. Kisha ndege wakaleta mbegu zao, vikaanza kuota vile vichaka tunavyoviita nyabend winy, vyenye maua ya rangi mbili mbili na vijitunda vyeusi, majani yake ukiyafikicha yananuka. Ng'ombe wangekuwepo wangevikanyaga vikiwa bado vidogo. Hawakuwepo. Sasa baadhi yake vimenipita kimo.

Usidhani huku nje ya waya kuna nafuu. Majirani wamelima miwa mpaka mlangoni. Upande wa Wamasai, kule tulikokuwa tukipeleka ng'ombe wakati wa shida, ardhi imegawanywa na kila mtu ana ua wake. Ng'ombe wote wasio na pa kwenda wamejazana kandokando ya barabara na nyuma ya mnada, wanaguguna kutwa kucha, hakuna anayewahamisha. Hapo nyasi nyekundu zimekwisha kwa sababu nyingine, kwa kuliwa bila kupumzika, kumebaki zile fupi za kutambaa na gugu chungu ambalo hata mbuzi analikwepa. Na mvua nayo haina tena adabu. Zamani mwezi wa tatu ukiingia ulijua, sasa inangoja mpaka watu wamekata tamaa, halafu inamwagwa yote kwa mara moja na kuondoka na udongo. Huku zimemalizwa na midomo mingi, na kwetu zimekufa kwa kukosa hata mmoja. Nashon husema hivyo akipita, na hapendi kukaa tena pale alipokuwa akikaa na Bichage.

Nilimwambia Mama. Nilimwambia kwa upole, nikamwambia kwa ukali, nikamtuma mzee wa kanisa amwambie. Jibu lake moja tu: Orpah amesema Desemba.

Na wewe kweli ulisema Desemba. Umesema kila mwaka. Mimi sikusuti, wifi, sikia vizuri. Levis alinieleza mambo ya makaratasi, kwamba ukitoka kabla hayajakamilika hutaruhusiwa kurudi tena, na watoto wako huko, na kazi iko huko. Nimeelewa. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo. Lakini Mama hajui makaratasi. Kwa Mama, mtu akitaka kuja nyumbani anaamka, ananawa uso, anakuja. Kwa hiyo ukimwambia Desemba, kwake ni Desemba. Mwezi wa kumi na moja anaanza kufagia ile nyumba ndogo. Anamfungia jogoo wako asiuzwe. Krismasi ikipita anamfungulia jogoo.

Sasa nirudi kwa Nyar-Orpah. Mwezi wa pili mwaka huu ulikuwa mbaya. Tulilisha ng'ombe vilele vya miwa tulivyookota njiani, vikaisha. Nyar-Orpah alikuwa amekonda mpaka unaweza kumtundikia leso mgongoni. Kutwa alisimama kwenye waya wa malisho, kichwa upande wa ndani. Nilimwomba Mama alau afungue kona moja. Alinijibu kwamba ng'ombe wa Orpah naye atamngoja Orpah.

Sabato moja tukiwa kanisani alivunja waya. Tuliporudi tukamwona yuko katikati ya mteremko, amejipasua kifua kwa miiba, amefurahi. Nilidhani angalau atashiba. Lakini zile nyasi kuukuu alizijaribu akazitema, ni mkeka, hazina kitu. Kilichokuwa kibichi mle ndani kilikuwa nyabend winy peke yake. Ng'ombe aliyeshiba haligusi jani hilo, analijua. Mwenye njaa hana maarifa. Alikula mpaka tulipomtoa.

Baada ya siku chache macho yakawa manjano. Akakataa maji. Akawa analikimbia jua, anajibanza nyuma ya jiko kwenye kivuli, na ngozi ya pua ikaanza kubambuka, na pale mbavuni alipokuwa mweupe pia. Daktari wa mifugo alikuja akachoma sindano, akasema ini limeharibika, tumemwita tumechelewa. Nashon alishinda naye akimfukuzia nzi. Alipokufa nilikaa chini nikalia kwa sauti kama aliyefiwa na mtu, na Joyline akanifunika mabega. Sikulia ng'ombe peke yake, unajua.

Na Mama, unajua alisema nini? Alisema ng'ombe ameharibu nyasi za Orpah. Alikuwa analia, lakini ndivyo alivyosema. Aliagiza waya ushonwe kabla hata hatujamaliza kumzika. Wifi, nilikwenda nyuma ya nyumba nikapasua kuni mpaka viganja vikatoa malengelenge, na kuni tulikuwa nazo za kutosha. Mkwe ni mkwe, hajibiwi. Lakini siku ile nilikuwa na majibu.

Kisha mvua ikaja, wiki ya pili ya mwezi huu. Siku chache baadaye nilikuwa natoa maji ya mvua kwenye mfereji nikatupa jicho kupitia waya. Pale Nyar-Orpah alipozurura, pale kwato zilipopasua ule mkeka na jua likashuka chini, kumeota kijani. Siyo gugu. Ni zile zenyewe, nazijua majani yake. Vishina vile vilivyobaki ukingo tu vilikuwa vinatoa ncha. Si vingi. Ni njia moja nyembamba, inapinda alivyopinda yeye, na pembeni yake pote ni majivu.

Nilimwita Nashon, akaruka waya bila kuomba, akapiga magoti, akachimbachimba kwa kidole. Akaniambia hazijafa zote. Akasema tufyeke vichaka sasa hivi udongo ukiwa laini, tuving'oe na mizizi, tuingize ng'ombe wengi kwa siku chache, wake na wa majirani, wakanyage na kuvunja huo uchafu, kisha tuwatoe tuache mvua ifanye kazi yake. Mwakani kabla ya mvua tuchome. Haitakuwa kama zamani, alisema, lakini itakuwa malisho. Nikamuuliza, na tukingoja mwaka mwingine? Akasema tukingoja mwaka mwingine vile vichaka vitashikana na hakutabaki kishina cha kuamsha.

Kwa hiyo nilimchukua Mama. Miguu yake imevimba siku hizi, hatua mbili anapumzika, tulikwenda polepole mpaka langoni, akafungua mwenyewe kwa mara ya kwanza tangu afunge. Nikamwonyesha ile njia ya kijani. Aliinama, ukiniuliza aliwezaje kuinama sijui, akazishika. Akaniuliza kama hizi ndizo za Bichage. Nikamwambia ndizo, na zile zilizosimama huko siyo tena. Alikaa pale chini kwenye unyevu analia taratibu, na mimi nimekaa naye. Nikasema moyoni, Bwana asifiwe, leo ameelewa.

Alielewa, wifi. Hilo ndilo linaloniuma. Alijifuta machozi, akaniambia anaona kwamba tumeua kwa kutunza. Kisha akafunga lango. Akasema alikuahidi mbele ya kaburi, na mtu hafungui ahadi kwa sababu imemwumiza. Orpah hajaona. Akija akute ng'ombe wa watu wanatembea pale, nitamwambia nini? Hivyo ndivyo alivyosema, na alinyoosha mkono nimshike turudi.

Sasa habari zake, nilizokuahidi mwanzo. Tulimpeleka Migori. Daktari alisema ni moyo, umechoka, na maji yanapanda kutoka miguuni. Alimpa dawa, anazimeza nikisimama hapo. Aliniita kando akaniambia tusimtazamie siku nyingi. Mama mwenyewe hajui niliyoambiwa, au anajua na ananificha mimi, sijui nani anamficha nani katika nyumba hii. Kanisani haendi tena. Kila asubuhi ananiomba nimtolee kiti upande ule barabara inaonekana.

Wifi yangu, mume wangu, ombi langu ni hili. Siombi uje. Ningekuomba uje kama ungeweza. Naomba umwambie Mama kwamba huji.

Usimwambie Desemba tena. Usimwambie mwakani, usimwambie ukipata nafasi. Mwambie kwamba huji, na kwa nini, hata kama hataelewa kwa nini. Kisha umwambie afungue, ng'ombe waingie. Mimi siwezi kumwambia. Nimekaa naye miaka yote hii, namwogesha, namlisha, na ananipenda, lakini mimi ni binti wa watu, ahadi hakunipa mimi. Ni wewe uliyemfunga na ni wewe wa kumfungua. Nashon amejaribu, mzee wa kanisa amejaribu. Tumebaki na wewe tu.

Atalia, najua. Mimi nitakuwepo. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Kinachonitisha si kilio chake, nimezoea kilio katika boma hili. Kinachonitisha ni afe akiwa kwenye kile kiti, anatazama barabara, na nyuma yake malisho ya mwanawe yamekuwa kichaka, na siku hiyo nawe huko uwe huwezi kuja kumzika yeye pia, na unipigie simu uniambie tena tusiguse chochote.

Samahani kama hilo ni kali. Nimelifikiria nilifute, nimeliacha.

Na ujue sikukasirikii. Ulichoomba siku ile ni mapenzi, na alichofanya Mama ni mapenzi, na hata sisi tuliokaa kimya tulikaa kwa mapenzi. Bichage angetukemea sote. Hukutuambia tuziue, na wala hukuwa na jinsi ya kujua. Tulikuwekea kitu kizuri mno tukakiweka mbali mno na mkono wa mtu. Picha ya palivyo sasa sikutumii. Ulizo nazo za mwaka ule wa kwanza ndizo, zitunze, waonyeshe watoto.

Piga simu Jumapili asubuhi ya huku, kwenu itakuwa Jumamosi usiku, Sabato imetoka na Levis yuko nyumbani akushike mkono. Mama wakati huo ameshakunywa uji na akili imetulia. Zungumza naye kwa Kikisii, taratibu, usilie kabla hujamaliza. Nitamwekea simu sikioni kisha nitatoka nje niwaache. Nashon nimemwomba asiende popote siku hiyo, na majirani wameshasema ng'ombe wapo tayari.

Nisalimie Levis, umwambie asiendeshe akiwa na usingizi. Wabusu watoto, hasa huyo wa kifua. Joyline anakusalimu, anasema masomo si mabaya ila hesabu inamtesa, amechukua kwangu. Nashon anakusalimu, na mke wake pia. Baba yangu kule Rusinga naye ameniambia nikuandikie kwamba anakukumbuka, na kwamba hajaona tena ng'ombe kama wale. Mama hakusalimu, kwa sababu hajui kwamba naandika. Ananiuliza sasa hivi kutoka nje ninaandika nini muda wote huu, nimemjibu hesabu za chama cha akina mama.

Mungu akupe nguvu ya kusema, na ampe Mama nguvu ya kusikia. Awalinde huko mlipo, na siku makaratasi yatakapotoka, hata kama sisi hatupo tena, akufikishe hapa salama usimame mahali alipolala kaka yako. Utamkuta ng'ombe amelala kandoni, usimfukuze.

Ni mimi wifi yako, ninayekupenda na kukungoja hata baada ya kukwambia usije,

Risper